Neno "Firauni": Latoka Wapi, na Tulitumieje?



Kila lugha ina ngazi yake ya maneno ya ubaya. Mtoto aliyekula sukari ya mama yake kwa siri ni mtundu. Mchuuzi apunguzaye unga katika kipimo ni mdanganyifu. Mume ampigaye mkewe ni mkatili. Tukizidi kupanda ngazi hiyo, twafika mahali ambapo maneno yamebaki machache, na kila moja ni zito. Watu hawayatamki kila siku, na wakiyatamka hutazamana. Katika Kiswahili cha pwani, moja la maneno hayo ni firauni.

Sisi wa Kamina hatulisikii sana sokoni. Twasema tu "mtu wa roho mbaya," nasi twaelewana. Lakini msomaji wa vitabu vya Kiswahili hulikuta: firauni, wingi wake mafirauni, na tabia yenyewe ni ufirauni. Maana yake ni mtu mwovu kupita kiasi. Tena wako wanaolitumia hasa kwa uchafu wa mwili, lakini mzizi wake ni mpana kuliko huo.

Yafaa tulichunguze neno hili, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili ambayo Mkristu hawezi kuyakwepa. La kwanza: Je, mtu aweza kuwa mwovu hata jina lake lote ligeuke kuwa uovu? La pili: Ni nani mwenye ruhusa ya kumwita mwenzake hivyo?

1. Neno lililoanza kuwa nyumba

Farao si jina la mtu. Wamisri wa kale walikuwa na maneno mawili yenye maana ya "nyumba kubwa," yaani jumba la mfalme. Baadaye, yapata miaka 1400 mbele ya Kristu, wakaanza kumtaja mfalme mwenyewe kwa jina la nyumba yake; kama watu wasemavyo "serikali imefika," kumbe aliyefika ni mtu mmoja mwenye kofia.

Jina hilo likasafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipita kwa Waebrania, Wagiriki na Walatini, ikatuletea Farao tunayemsoma katika Maandiko Matakatifu. Njia ya pili ilipita kwa Waarabu, ikafika pwani ya Afrika kwa sura ya Firauni. Mfalme ni yule yule, majina ni mawili.

Lakini tuangalie tofauti moja. Katika Biblia, Farao ni cheo cha wafalme wengi, na mmoja wao alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyemtoa Yusufu gerezani, akamvika pete yake, akamkabidhi ghala za nchi, na kwa hiyo watu wengi hawakufa na njaa. Katika Kurani, mfalme wa siku za Yusufu aitwa mfalme tu. Jina la Firauni ni la yule aliyeshindana na Musa. Basi katika Kiarabu jina likamshika mwovu peke yake, hata Waarabu wakapata kuwaita wadhalimu wote kwa wingi wa jina hilo. Waswahili wa pwani waliupokea urithi huo. Hivyo neno lililoanza kuwa nyumba likawa cheo, likawa jina la mtu mmoja, mwisho likawa jina la uovu wenyewe.

2. Ufirauni waanza wapi?

Wengi wakiulizwa Farao alikosa nini, hujibu upesi: aliwaua watoto. Ni kweli. Lakini sura ya kwanza ya kitabu cha Kutoka haianzi na mauaji. Tuisome polepole.

Kwanza mfalme alisema. Aliwaambia watu wake kwamba Waisraeli wamekuwa wengi mno, wana nguvu, na siku ya vita huenda wakajiunga na adui. Wakati huo hakuna aliyepigwa bado. Lilikuwa neno tu, lililotamkwa juu ya kabila zima, pamoja na wazee wake na watoto wake wachanga.

Pili ikaja kazi ya shokoa. Waisraeli wakawekewa wasimamizi, wakafinyanga matofali, wakajenga miji ya Pitomu na Ramsesi. Tatu likaja agizo la siri: wakunga wawaue watoto wa kiume wakati wa kuzaliwa. Wakunga wawili, Shifra na Pua, wakamcha Mungu, wakakataa. Nne likaja agizo la wazi, kwa watu wote: kila mtoto wa kiume wa Waebrania atupwe mtoni.

Ngazi ni hiyo, nayo ina vidato vinne: neno, shokoa, kuua kwa siri, kuua hadharani. Hakuna aliyeruka moja kwa moja hadi kidato cha nne. Tena katika kidato cha nne mfalme hahitaji tena askari. Watu wa kawaida, majirani, wamekwisha kuzoezwa kuona kwamba wale wengine si watu kama wao.

Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya utume wake kati ya Waluba wa Kamina, aliandika katika kitabu chake La philosophie bantoue cha mwaka 1945 kwamba kwa watu wetu uzima ni zawadi ya Mungu inayoweza kuongezwa au kupunguzwa, na kwamba ubaya mkubwa ni kuukusudia uzima wa mwenzako upungue. Baadaye, katika Jamaa iliyotokana na mafundisho yake huko Ruwe karibu na Kolwezi, wakristu walizoea kutaja maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Tukimpima Farao kwa maneno hayo, twaona jinsi alivyoyagusa yote matatu. Uzima aliupunguza kwa shokoa, uzazi aliuvizia kwa mkono wa wakunga, na mapendo aliyaua alipowafundisha majirani kutupa watoto wa majirani. Hapo ndipo tofauti ya mkosefu na firauni inapoonekana. Mkosefu huvunja amri, naye ajua kwamba ameivunja. Firauni huugeuza uovu kuwa amri, akawatuma wengine waitimize.

3. Moyo ulivyopata kuwa mgumu

Mfalme yule wa kwanza alikufa, akarithiwa na mwingine, ambaye Musa alitumwa kwake. Hapa watu wengi husumbuka. Wasema: "Kama Mungu mwenyewe aliufanya mgumu moyo wa Farao, yeye alikuwa na kosa gani?"

Swali ni la haki. Ni kweli kwamba Mungu alimwambia Musa mapema jinsi mambo yatakavyokuwa. Lakini tuyahesabu mapigo. Katika matano ya kwanza, damu, vyura, viroboto, nzi na tauni ya mifugo, twasoma kwamba moyo wa Farao ulikuwa mgumu, au kwamba yeye mwenyewe aliufanya mgumu. Ni katika pigo la sita, la majipu, ndipo tusomapo kati ya mapigo kwa mara ya kwanza kwamba Bwana aliufanya mgumu. Mara tano mlango ulikuwa wazi, naye mara tano aliufunga kwa mkono wake.

Tena tazameni habari ya vyura. Nchi imejaa vyura, wamo vitandani, wamo katika vyombo vya kukandia unga. Musa amwuliza mfalme: nikuombee lini vyura waondoke? Farao ajibu: kesho. Ndugu zangu, ni nani mwenye vyura kitandani asemaye kesho? Yule asiyetaka kuonekana ameshindwa leo. Vyura walipokufa, akaona nafuu, akaufanya moyo wake mgumu tena. Katika mvua ya mawe alikiri hata kwa kinywa kwamba amekosa. Mvua ikakatika, na toba ikakatika pamoja nayo.

Basi adhabu ya Mungu haikuwa kumtia Farao uovu asiokuwa nao. Mungu alimwachia moyo alioutengeneza mwenyewe. Mfinyanzi ajua habari hii: udongo ukiwa mbichi wageuzwa upendavyo, ukiisha kuchomwa haukunjiki tena, ila wavunjika. Nasi tujihadhari na kesho zetu. Mtu aiwekaye mbali Sakramenti ya Kitubio kwa sababu leo kuna nafuu, huyo anafinyanga moyo wake, na moto hauko mbali.

4. Nkongolo, mfalme mwekundu

Msomaji asifikiri kwamba jambo hili ni la Misri tu. Wazee wa Kiluba walikuwa na Nkongolo Mwamba wao kabla hawajasikia habari za Farao. Jina hili ni neno pia, maana kwa Kiluba nkongolo ni upinde wa mvua, nao Waluba wa kale hawakuupenda, kwa kuwa waliuona kuwa adui wa mvua.

Masimulizi yasema kwamba Nkongolo alikuwa mwekundu wa mwili, mkali, mlevi. Kuna wasimuliao kwamba mama yake alimcheka, naye akaamuru azikwe angali hai. Kisha akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, akaoa dada za Nkongolo. Mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Kijana akakua, akawa hodari wa vita na wa kucheza, na mjomba akamwonea wivu. Nkongolo akachimbisha shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake aje acheze juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa milio ya ngoma. Kalala Ilunga akaruka, akakimbia, akaurudia ufalme na jeshi la baba yake. Nkongolo akakamatwa, akakatwa kichwa.

Nataka tuone jambo moja katika masimulizi haya. Kalala Ilunga, aliyeiokoa nchi, alikuwa mtoto wa dada ya Nkongolo. Damu ilikuwa ya nyumba ile ile. Na Musa je? Alitolewa mtoni na binti Farao, akalelewa katika nyumba ya Farao. Waislamu nao humheshimu Asiya, mke wa Firauni, kama kielelezo cha mwamini. Wazee wa Uluba, Waebrania na Waarabu hawakukaa pamoja kupatana maneno. Hata hivyo wote walishuhudia kwamba nyumba ya mwovu haikosi mtu mwema, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke anayeokoa mtoto. Neno firauni laweza kumfaa mtu, lakini haliwezi kuifaa nyumba nzima, sembuse kabila.

5. Sisi wenyewe na ulimi wetu

Hapa swali letu lafika mlangoni. Katika miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na mahali pengine katika Katanga. Wengi walizaliwa huku, wala hawakujua kijiji kingine. Walilala kwenye stesheni wakingoja gari la moshi, na wengi wakafa kwa njaa na magonjwa kabla ya kufika. Waliong'olewa ni mamia ya maelfu. Njia ya reli ya kwenda Kasai yapita hapa Kamina, na magari yale yalipita hapa.

Kabla ya mawe na moto lilitangulia neno. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Liliimbwa, likachekwa, likazoeleka. Kumbukeni vidato vya Farao: wamekuwa wengi mno, wametuzidi. Mwaka 1994 huko Rwanda Watutsi waliitwa mende, na mdudu hana wa kumlilia.

Linganisheni na neno lingine. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera katika Tanzania. Watanzania wakalichukua neno zito la Kiswahili, nduli, lenye maana ya mwuaji mkatili, wakampa Amin. Katika magazeti na redio nduli alikuwa yeye, hadi alipoikimbia nchi yake mwezi wa Aprili 1979. Neno lilikuwa kali, lakini lilikuwa na anwani: mtu mmoja mwenye madaraka na matendo yanayojulikana. Bilulu halikuwa na anwani. Lilimwangukia mwalimu, mshona viatu na mtoto wa kunyonya.

Ndiyo maana nasema: alitamkaye neno la uovu wa mwisho juu ya kabila zima, amekwisha kupanda kidato cha kwanza cha Farao. Alidhani anawataja mafirauni, kumbe anajiandikisha kuwa mmoja wao.

6. Maswali mawili

"Je, tusiite uovu kwa jina lake? Yezu mwenyewe alimwita Herode mbweha, na Mafarisayo akawaita wazao wa nyoka."

Tuuite. Kunyamaza mbele ya mauaji ni kusaidia mauaji. Lakini Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo uso kwa uso, alitaja matendo yao, na alikubali kula mezani kwa Farisayo. Tena ndiye aliyeonya mlimani kwamba amtukanaye ndugu yake atajibu hukumuni. Korti nayo yatufundisha namna nzuri. Mwezi wa Machi 2009 korti ya kijeshi huko Kipushi ilimhukumu Gédéon Kyungu Mutanga, mkubwa wa Mai-Mai, kwa makosa dhidi ya ubinadamu yaliyotendeka Katanga ya kaskazini. Hapo palikuwa na mtu mmoja, mashahidi na matendo yaliyotajwa moja moja. Haki yataka hivyo. Lakini mjane au mtoto anayefukuzwa nyumbani kwa kuitwa mlozi hapati shahidi wala hakimu. Neno peke yake limekuwa korti, limekuwa hukumu, limekuwa fimbo.

"Je, mtu aliyekuwa firauni kweli aweza kurudi?"

Swali hili si la vitabu tu. Katika vijiji vyetu wamo vijana waliobeba silaha porini na sasa wamerudi, wanalima karibu na watu waliowatesa. Jibu la Kanisa lajulikana: hakuna dhambi ambayo Mungu hawezi kuisamehe mtu anayetubu. Mtume Paulo alisimama akiangalia Stefano akipigwa mawe, naye akaridhika. Lakini toba si nafuu ya vyura. Aliyeua aungame na kuikubali haki, aliyepora arudishe. Na sisi tulioumizwa hatuamriwi kusema kwamba uovu haukutokea. Twaombwa tusimpe mtu jina lisilomwachia mlango.

7. Kazi ya mtunga hadithi

Neno kama firauni laonyesha faida yake njema katika hadithi. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, ambaye alikuwa amemwua Uria ili kumchukua mkewe, hakuanza kwa kumtukana mfalme. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika, akamhukumu tajiri, na hapo Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Angaliitwa mwovu mlangoni, labda angalimfukuza nabii. Hadithi ilimwingiza hakimu ndani ya moyo wake.

Shaaban Robert wa Tanga alifanya vivyo hivyo katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Ndugu wawili wabaya wa Adili wamepewa majina ya uovu wenyewe, Hasidi na Mwivu, na kwa ajili ya matendo yao wamegeuzwa kuwa manyani. Mwandishi hakupunguza ubaya wao hata kidogo. Lakini mwishoni wanarudishiwa umbo la mtu. Nasi tusomapo, hatuulizi ni jirani gani aliye Hasidi. Twajipapasa sisi wenyewe, tuone kama manyoya yameanza kuota.

Basi, wasomaji wapenzi, neno firauni tulihifadhi kama panga kali katika nyumba yenye watoto. Lisiwe chombo cha mchezo wala cha hasira ya jioni. Atakayetaka kulitumia juu ya mtu, ataje kwanza tendo, aonyeshe shahidi, na mlango wa toba auache wazi. Juu ya kabila tusilitumie kamwe. Na kila usiku kabla ya kulala, katika kuipima dhamiri, tujiulize swali ambalo Farao alilijibu vibaya: Bwana, vyura hawa uniondolee lini? Mwenye akili atajibu: leo.